Muulize Mtani Wake

Tangu nirudi, nyote mnaniuliza swali lilelile: kazi kaipata nani, wewe au Maganga? Kuna aliyeuliza hata sijavua viatu. Jibu ninalo, lakini nikilitoa hapa juu mtaacha kusoma, nami nina habari za mihogo, koleo na tembo ambazo haziwezi kubaki kifuani. Vumilieni.

Kwa wale ambao barua hii itawafikia kwa mkono wa mtu mwingine, nianze na wahusika. Mimi ni Sudi wa Dunda, baba Mkwere, mama Mzigua, shahada ya uchumi, na nyumbani mama amefikia hatua ya kunitambulisha kwa wageni kwa neno moja tu: "Bado." Maganga ni Mnyamwezi wa Tabora. Tulisoma darasa moja chuoni, na sasa anaendesha gari la baba yake mdogo hapa Bagamoyo akisubiri dunia itambue kipaji chake. Dokta Hafizi ni mtafiti kutoka Malesia, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia kubwa ya jua. Kazi yake ni kulinganisha nchi na nchi: kwa nini mbili zilizoanza safari zikiwa sawa, ukipita umri wa mtu mmoja, moja imefika mbali na nyingine bado inafunga kamba za viatu.

Dokta alitaka msaidizi mmoja wa kufanya naye kazi kwenye pwani hii kwa miaka kadhaa. Tulibaki sisi wawili, na badala ya kutufanyia usaili wa mezani akasema twende wote Saadani, atachagua njiani. Nikikosa, baba mkubwa alikuwa ameshanitengea kiti nyuma ya kaunta ya duka lake la misumari na bawaba kule Kariakoo. Sina ugomvi na misumari, lakini sikusoma nadharia za ukuaji wa uchumi ili niipime kwa kilo.

Dunda: chai isiyokwisha

Tulipanga kuondoka alfajiri. Tukaondoka jua likiwa juu, na kosa si letu, ni la mama. Dokta alipokuja kunichukua alisema "Shikamoo" kwa mama, vizuri kabisa, akaitikiwa "Marahaba." Akafurahi mno. Akamwambia shikamoo mdogo wangu wa darasa la tatu, kisha mwenye bodaboda aliyekuwa nje, kisha mbuzi, nadhani kwa bahati mbaya. Mwenye bodaboda aliitikia "Marahaba, mwanangu" bila kupepesa.

Mama alimkalisha akamletea chai ya tangawizi na vitumbua. Dokta akamaliza kikombe, kwa adabu za kwao. Mama akaona kikombe kitupu, akajaza, kwa adabu za kwetu. Dokta akamaliza. Mama akajaza. Nilikuwa nimekaa pale nikitazama adabu mbili zikipigana, na hakuna iliyokuwa tayari kushindwa. Maganga aliingia, akaona hali, akachukua kikombe cha mgeni akakinywa mwenyewe mpaka chini, akakifunika kwa kisahani.

"Mnyamwezi wewe, nani kakukaribisha?" mama akauliza.

"Babu zangu walibeba pembe miezi mitatu kwa miguu kuja hapa Bagamoyo, na hamkuwapa chai. Nimekuja kuchukua deni."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Dokta aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole kama rafiki yangu amemkosea mama. Nikamwambia hapana, nitakueleza. Hapo ndipo nilipofanya uzembe: sikumweleza.

Msata: mihogo ya bure

Njia fupi ya kupitia Makurunge ilikuwa matope, kwa hiyo tulizunguka kwa Msata. Njia nzima Dokta alizungumza, nami nikabisha, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza.

Alisema babu yake alikuwa mvuvi kwenye pwani yenye minazi kama hii, wali kama huu, adhana kama hii. Alisema siri ya nchi kutajirika haina kishindo. Ni saa moja ya kazi kutoa kidogo zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, na kidogo hicho kukaa juu ya kidogo kingine, kama kucha: huioni ikikua, lakini mtu asiyekata hata kidogo, baada ya miaka hawezi kushika kijiko.

"Nani anahesabu hiyo saa?" nikauliza. "Mama yangu anakanda unga huku anamsomesha mtoto huku anamsikiliza jirani aliyegombana na mumewe. Hiyo ni saa moja au tatu?"

"Swali zuri," akasema.

"Anauliza hivyo hata kuhusu mvua," Maganga akasema kutoka kwenye usukani. "Nani kaipima, kasimama wapi."

Msata palikuwa pamechangamka kama kawaida, malori na mabasi yakipishana njia panda, wauzaji wakikimbilia madirisha. Maganga alisimama kwenye karai la mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo.

"Mama, kabila gani?"

"Mkwere."

Maganga akanyoosha mkono. Alichukua vipande viwili vinene, akatia chumvi na pilipili, akaanza kutafuna.

"We! Wewe ni nani?"

"Mnyamwezi. Mwenye mali amefika."

"Mwizi!" mama akapiga kelele, uso wote umechanua. "Jamani, mpagazi kaachia mzigo wapi leo? Mwangalieni! Nasikia nyie mkiona bahari mnauliza nani kamwaga maji!"

"Na Mkwere akisikia ngoma anaacha jembe hewani, linabaki hapohapo likimsubiri."

Watu walishajaa. Dokta Hafizi, mtu mwema, aliona dereva wake ameiba mihogo na mwenye mali anaita watu. Akajipenyeza katikati, akatoa noti, akainama, akamwomba mama radhi kwa niaba ya msafara.

Mama aliitazama ile noti kama kitu kilichoanguka kutoka kwenye mti. Kisha akanigeukia mimi, kwa huzuni ya kweli: "Mwanangu, mwambie mgeni wako asituharibie. Mimi na huyu tunacheza."

Ndipo nikamweleza, garini, habari za utani: kwamba makabila yetu na Wanyamwezi wamerithi ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye aliyekosa. Kwamba mtani wako anaweza kukwambia usoni kitu ambacho ndugu yako atakufa nacho. Dokta aliuliza kama utani huu una mipaka. Maganga akasema mipaka yake ni kwamba mtani hawezi kukosa kuja unapokufa.

Nilidhani ni msemo tu.

Mbele ya Miono: aliyekalia koleo

Tuliacha lami pale Mandera, tukashika barabara ya vumbi kuelekea baharini. Mbele kidogo ya Miono tulikuta wanaume kando ya njia na majembe, wengine wamevaa kanzu. Maganga akapunguza mwendo, akatoa kichwa.

"Poleni, ndugu zangu. Nani ametutoka?"

Wakamtajia mzee mmoja wa Kizigua.

"Amekufa bila kuniaga? Mimi Mnyamwezi?" Akazima gari. Akashuka. Akaenda.

Nilimtazama Dokta. Tulitakiwa tufike Saadani kabla wavuvi hawajatawanyika jioni ile. Ndiyo iliyokuwa siku ya kazi. Nikafikiri, na nakiri kwa furaha mbaya: hapa Maganga amejimaliza. Kazi nimepata.

Tulipofika makaburini Maganga alikuwa amelikalia koleo. Lile pekee walilokuwa nalo. Amekunja miguu juu yake, mikono kifuani, na shimo limefika magotini tu.

"Ondoka, Mnyamwezi, jua linakwenda," mmoja akasema.

"Siondoki. Huyu mzee alikuwa mtumwa wangu. Alikuwa mvivu huyu! Shamba lake lilikuwa na nyasi kuliko mbuga. Leo kwa mara ya kwanza amewahi kulala kabla yenu na hamumwamshi. Nani atanilipa?"

Mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu. Nilijua atampiga. Badala yake bega lake lilianza kutikisika, kicheko kikamtoka kimoja, kifupi, kama kikohozi, kisha kingine, na machozi yakateremka pamoja nacho. "Kweli," akasema. "Wallahi, kweli. Baba hakupenda jembe." Na wote wakacheka, na wote wakafuta macho.

Walimkomboa yule mateka wa chuma kwa ahadi ya paja la kuku. Maganga akasimama, akavua shati, akaingia shimoni, akachimba mpaka akatoka amekuwa rangi ya udongo. Hakutoka kumpisha mtu. Baadaye walisema kwamba kazi ile, na kuteka maji, na kupasua kuni, ni ya mtani tangu zamani. Anatukana kwa mdomo na kulipa kwa mgongo.

Dokta aliswali nao, akatupia udongo wake, kisha tukakaa kwenye mkeka kuzunguka sinia la wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Alitia tonge la kwanza, akatafuna polepole. Akatia la pili. "Huu ni wali wa bibi yangu," akasema. Watu wakamsogezea kipande cha samaki bila kuelewa alichosema, kwa sababu uso wake ulieleweka.

Sikuweza kunyamaza. "Dokta, kijiji kizima hakikufanya kazi leo. Hii unaiandika wapi? Hasara?"

Alilamba vidole, akafikiri. "Baba yangu alipofariki mjini, kampuni ilichimba kaburi, kampuni ilipika, kampuni ilileta viti. Tuliilipa kila moja. Yote yaliingia kwenye pato la taifa. Ya hapa hayaingii hata punje." Akatazama kule makaburini. "Shimo ni lile lile."

"Basi kulinganisha kwako kuna walakini."

"Kuna walakini mwingi," akasema kwa raha, akachukua tonge jingine. "Ndiyo maana natafuta msaidizi."

Nikahesabu kwamba nimepata alama. Maganga alikuwa anatafuna paja lake la kuku, hasikilizi.

Saadani: wajomba zangu waongo

Tulifika giza limeshaingia, ngiri wakipita katikati ya nyumba kama wapangaji waliolipa. Asubuhi wavuvi walirudi, ufukwe ukawa kelele tupu: ngalawa zinavutwa, kina mama wanachagua kamba, samaki wanatandazwa kwenye vichanja, na kuku wanaojifanya wanapita tu.

Dokta alitaka kujua jambo moja: watu hawa wanafanya kazi saa ngapi, na kinachowazuia kupata zaidi ni nini. Nilipewa nafasi ya kwanza. Hapa nilikuwa na hakika, maana Wazigua wa Saadani ni upande wa mama. Kila mwanaume wa rika lake kwangu ni mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Mjomba, kwa siku mnafanya kazi kiasi gani?"

Mjomba Omari, mwenye ngalawa, alijinyoosha. "Ah, mpwa wangu! Tangu alfajiri mpaka magharibi. Hatupumziki."

"Na kinachowakwamisha?"

"Hakuna, alhamdulillahi. Mungu anajalia."

Nikamuuliza wa pili: tangu alfajiri mpaka magharibi, hakuna, alhamdulillahi. Wa tatu hivyohivyo. Nyuma ya mabega yao niliona bao limeshatandikwa chini ya banda, kete zimepangwa, zinawasubiri. Lakini mpwa atamwambia vipi mjomba wake kwamba anamwona? Wangeniheshimu vilevile hata kama wangekuwa wanazama. Nikifungua mdomo, wao wanavaa kanzu.

Dokta akamwashiria Maganga. Maganga hakusalimia hata kidogo.

"Nyie Wazigua, ndiyo nini hiki? Mtu anarudi jua halijawa kali, anakaa kwenye bao mpaka makalio yanaota mizizi, halafu anamdanganya mpwa wake kwamba anafanya kazi mpaka magharibi! Kwetu Tabora hata punda angeona haya!"

Mjomba Omari aliruka. "Mpagazi! Nani kakuleta? Nirudi baharini mara ya pili nifanye nini?"

"Uvue! Au umeogopa maji?"

"Nivue nimpe nani? Gari la barafu linakuja mara moja tu, asubuhi, linaondoka! Nikivua mchana, samaki anioze mkononi, nikule wewe?"

"Wavivu nyie! Si mkaushe!"

"Kakaushe wewe na mvua za msimu huu!" Sasa alikuwa Bi Tatu, mama mmoja mfupi aliyekuwa anageuza samaki, ameshika kisu na hasira tamu. "Wanaume hawa wakileta wengi mimi nakausha kwa kuni zipi? Ndani ya hifadhi kuni hazikatwi ovyo. Nawaambia wenyewe: kaeni kwenye bao, mtaniharibia kazi!"

"Ahaa! Kumbe mke ndiye kakataza!"

"Mke wa nani? Huyu Omari angekuwa wangu angenyoosha mgongo!"

Ufukwe mzima ulikuwa unacheka na kupiga kelele, kila mtu anamjibu Maganga, kila mtu anamkosoa mwenzake, na katikati ya matusi yalikuwa yanamwagika majibu yote ambayo vitabu vyetu viliyazunguka kwa mbali: barafu, kuni, barabara, saa ya gari. Dokta alikuwa amesahau kofia yake mchangani. Jua lilimpiga utosini naye hajui.

Nilimtafsiria Dokta huku nikicheka kama wote. Lakini nilipocheka nilisikia mlio mdogo ndani, na mlio huo ulikuwa wa misumari ikimiminwa kwenye mizani.

Njia ya kurudi: tembo wana muda

Tukiwa bado ndani ya hifadhi, tembo watatu walisimama katikati ya barabara. Maganga alizima injini. Hakuna anayewapigia honi tembo. Mmoja alikuwa anakula mti bila haraka yoyote; mwingine alikuwa anatutazama kama afisa anayetafuta kosa.

Dokta alisema kwa mnong'ono, "Tuna muda. Wacha nichague sasa."

Moyo wangu ulipiga honi.

"Nimejifunza njia mpya ya kupima," akanong'ona. "Ukitaka ukweli kuhusu mtu, muulize mtani wake. Nyinyi wawili ni watani, sivyo? Maganga, niambie kuhusu Sudi."

Maganga aligeuka nusu, jicho moja kwa tembo. Sijawahi kusikia mtu akitukanwa kwa sauti ya chini kiasi kile.

"Huyu? Mvivu. Chai ikiletwa anauliza kwa nini ni moto. Ukimwambia kuna moto ndani ya nyumba ataomba ushahidi. Wajomba zake wanamdanganya mchana kweupe naye anasema ahsante mjomba. Hafai. Mpe misumari."

Kule nyuma nilikuwa nimeshika mdomo nisicheke, maana tembo alikuwa ametega sikio. Dokta akanigeukia. "Na wewe, Sudi? Maganga?"

Nilikuwa na matusi tayari. Nilikuwa nayo mengi, mazuri, ya Kikwere na ya Kizigua. Lakini yalipofika ulimini yakawa na ladha nyingine. Utani ni wa watu wasiogombea kitu. Mimi nilikuwa nagombea. Tusi langu lingekuwa la kweli. Nikamwona shimoni, mgongo wake umejaa udongo, hamtaki mtu wa kumpokea koleo.

"Ni mchapakazi," nikanong'ona. "Watu wanamwambia ukweli. Sijawahi kumwona mtu kama yeye."

Maganga aligeuka mwili mzima. Tembo alisahaulika.

"Umesemaje?"

"Nimesema wewe ni mchapakazi."

"Sudi! Nimekukosea nini? Mihogo? Tumekuwa maadui?" Alikuwa ameumia kweli. "Unanisifu mbele ya mgeni!"

Dokta Hafizi alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, ameshika kiti cha mbele. Alipopata pumzi akasema, "Kama hata mtani wake amemsifu, nina haja gani ya kuuliza mtu mwingine?"

Tembo wakaondoka. Maganga akawasha gari akiwa bado amenuna, na tulishafika Miono ndipo alipoelewa kwamba amepata kazi.

Kwa hiyo jibu ndilo hilo, na mkinikuta Kariakoo msiniulize tena. Ulizeni bei ya bawaba. Mama alipopata habari alishika kiuno. "Umemsifu mtani? Mtoto wa Kikwere na Kizigua?" Alisema kwa uchungu mkubwa kuliko wa habari ya kazi yenyewe.

Jana Maganga alikuja kuniaga. Alikunywa chai yangu, akavaa kandambili zangu kuondoka nazo. Mlangoni akasimama, akawa mtu wa makini ghafla. Akasema Dokta anafikiria kuongeza msaidizi wa pili mwakani, na atamuuliza tena kuhusu mimi.

"Na utamwambiaje? Utanisifu?"

Nililiona lile neno zuri likipanda mpaka kooni kwa Maganga, likakwama pale, akalimeza.

"Nitajaribu," akasema. "Lakini mdomo hautakubali."